Gunia la Mahindi Katika Tangi la Motokaa

Jumapili moja baada ya Misa nilikuwa nimekaa ofisini nikiandika majina ya watoto wa ubatizo. Mara mzee mmoja wa kigango chetu akabisha hodi. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Kisha akasema: "Mwanangu karani, wewe umesoma chuo cha ualimu. Kijana wangu aliye mjini ameniambia kwamba huko Marekani motokaa zinakula mahindi. Je, ni kweli, au ananifanyia mzaha kwa kuwa mimi ni mzee?"

Nikamjibu: "Baba, hakukudanganya. Ni kweli, ingawa hazitafuni kwa meno."

Mzee akanyamaza kidogo, akatazama kofia yake mikononi. Halafu akauliza swali la pili: "Na watu je, wanakula nini?"

Swali hilo la pili sikuweza kulijibu kwa neno moja. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa ghala ya parokia, mahali ambapo jumuiya zetu huweka akiba ya mahindi kwa miezi ya njaa. Najua gunia moja lina vibaba vingapi, na najua uso wa mama anayekuja kuomba kibaba kimoja mwezi wa Januari. Basi, wasomaji wapenzi, nimeona heri niwaelezeni mambo haya kwa utaratibu, kwanza kazi yenyewe jinsi inavyofanyika, kisha tulitazame swali la mzee.

Mahindi gani, na wapi?

Katikati ya nchi ya Marekani kuna majimbo yenye ardhi nyeusi iliyo tambarare, mvua ya kutosha na mashamba yasiyo na mwisho machoni. Majimbo hayo ni kama Iowa, Illinois, Nebraska na Minnesota. Huko hulima mahindi kuliko zao lolote. Lakini usidhani ni mahindi meupe kama haya tunayosonga ugali. Mengi ni ya manjano, yale ambayo wazee wetu wanakumbuka kuyala yalipoletwa kwa meli katika miaka ya njaa. Wamarekani wenyewe hawayali sana kama ugali. Kwa desturi huwalisha ng'ombe, nguruwe na kuku, na siku hizi huyapeleka pia kiwandani kutengeneza spiriti ya kuendeshea motokaa.

Kazi hiyo si ndogo. Mwaka 2023 viwanda vya Marekani, ambavyo ni karibu 190, vilitoa spiriti ya namna hiyo lita bilioni 59 hivi. Katika mahindi yote yanayovunwa nchini humo, zaidi ya theluthi moja huingia katika viwanda hivyo. Na jimbo linaloongoza ni Iowa.

Mama mpika pombe anaijua kazi hii

Labda utasema: "Mambo ya viwanda ni ya wataalamu, mimi nitayaelewaje?" Usiogope. Mama yeyote kijijini anayejua kupika pombe ya nafaka anajua nusu ya kazi hii.

Kumbuka jinsi anavyofanya. Analoweka nafaka mpaka inaota, anaianika na kuisaga. Hicho ndicho kimea. Kisha anapika uji, anaupoza kidogo, anatia kimea. Baada ya muda uji ule uliokuwa mzito unakuwa mwepesi, tena unakuwa mtamu. Je, utamu huo umetoka wapi, naye hakutia sukari? Umetoka katika wanga wa nafaka. Punje ya mahindi, ukiipima, sehemu kubwa yake ni wanga, kama sehemu 70 katika 100 za uzito wake. Na wanga ni kama mnyororo mrefu, ambao kila pete yake ni sukari. Mbegu inapoota hutoa vitu vya kukata mnyororo huo, ili mche mchanga upate chakula. Wataalamu huviita vimeng'enya. Mama yetu hajalisikia jina hilo, lakini kazi yake anaijua kuliko mimi.

Baada ya hapo uji mtamu huachwa uchachuke. Vijidudu vya hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ile inayofanya povu juu ya chungu. Basi, kiwanda cha Iowa hufanya mambo hayo hayo. Tofauti ni ukubwa, usafi na vipimo.

Tuingie kiwandani

Malori yanafika tangu alfajiri, kila moja limebeba tani 25 hivi za mahindi. Kabla ya kumwaga mzigo, mfanyakazi huchoma chuma chenye tundu ndani ya mahindi na kuchukua kidogo. Hupima unyevu, nao haupaswi kuzidi sana sehemu 15 katika 100. Hutazama pia kama kuna sumu ya kuvu. Kama ipo kupita kiasi, lori hurudishwa na mzigo wake. Tutaona baadaye kwa sababu gani.

Mahindi yaliyokubaliwa huingia ghalani, kisha kwenye mashine ya kusaga, ambayo si mbali na ile ya mashine yetu ya kijijini: nyundo za chuma zinazunguka kwa kasi na kupiga punje mpaka zipite katika matundu ya chujio. Unga huo hukorogwa kwa maji moto, ukatiwa kimeng'enya cha kwanza. Hawatumii kimea, maana kimeng'enya hicho hutengenezwa kwa kufuga vijidudu maalumu. Uji hupikwa katika moto wa digrii 85 hivi, nao huwa mwepesi kama maji ya mchele.

Kisha hupozwa mpaka digrii 32 hivi, yaani joto la mchana wa pwani. Kwa nini upozwe? Kwa sababu hamira ni kitu chenye uhai, ukiitia katika uji wa moto itakufa. Hapo hutiwa kimeng'enya cha pili, kinachomaliza kuugeuza wanga kuwa sukari, na hamira yenyewe. Uji hukaa katika matangi makubwa ya chuma, mengine yana zaidi ya lita milioni moja. Katika muda wa siku mbili au tatu sukari imekwisha kuliwa. Kilichobaki ni pombe yenye kileo sehemu 12 hadi 15 au zaidi katika 100, pamoja na machicha.

Lakini motokaa haiendi kwa pombe. Ni lazima kileo kitengwe na maji. Hapa wanatumia jambo moja rahisi: maji huchemka kwa digrii 100, kileo huchemka kwa digrii 78. Ukiipasha pombe moto kwa kiasi, mvuke unaopanda kwanza una kileo kingi kuliko maji. Katika kiwanda kuna minara mirefu yenye sakafu nyingi ndani, na mvuke hupanda sakafu hata sakafu, ukizidi kuwa mkali. Unapofika juu na kupozwa, una kileo sehemu 95 katika 100.

Hapo mnara unashindwa. Ukichemsha tena na tena, zile sehemu tano za maji haziondoki, maana sasa maji na kileo vinapanda pamoja kama ndugu walioshikana mikono. Basi wakatafuta hila nyingine. Mvuke hupitishwa katika tangi lililojaa vipande vidogo kama shanga, vyenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Maji huingia katika vitundu na kunaswa. Kileo, kwa kuwa chembe zake ni kubwa zaidi, hakiingii, hupita njia yake. Mwishoni inatoka spiriti kavu kabisa.

Na kabla haijatoka kiwandani hutiwa petroli kidogo, kama sehemu mbili katika 100. Unajua ni kwa nini? Ili mtu asiinywe! Tangu hapo ni sumu. Nalisema hili kwa sauti, maana hata kwetu kuna watu wanaodhani kwamba kila spiriti inayowaka moto yafaa kinywani. Spiriti ya viwandani hutiwa vitu vya kudhuru kwa makusudi, na watu wamepofuka na kufa kwa kunywa spiriti za namna hiyo. Asikudanganye mtu.

Gunia moja latoa nini?

Sasa tupige hesabu, maana ukarani ni hesabu. Chukua gunia moja la kilo 100. Kiwandani litatoa spiriti lita 42 hivi. Litatoa pia machicha makavu karibu kilo 30, na hewa ya kaboni karibu kilo 30. Kwa hiyo punje ya mahindi hugawanyika karibu mafungu matatu yaliyo sawa kwa uzito.

Machicha hayatupwi. Hamira ilikula wanga tu. Protini, mafuta na nyuzi vimebaki. Kwa hiyo machicha hukaushwa na kuuzwa kuwa chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku, tena ni chakula chenye nguvu. Viwanda vingi pia hukamua mafuta kidogo humo. Hewa ya kaboni nayo viwanda vingine huikusanya na kuiuza kwa watengenezaji wa soda, maana ndiyo inayofanya povu katika chupa.

Hapa ndipo tunaelewa habari ya sumu ya kuvu. Sumu hiyo haifi kwa kupikwa, wala haipandi na mvuke. Hubaki katika machicha. Na kwa kuwa kilo 100 za mahindi zimekuwa kilo 30 za machicha, sumu iliyokuwa ndogo imekuwa kali mara tatu. Ng'ombe atakayeila atadhurika, na maziwa yake pia.

Kiwanda chenye kutoa lita milioni 200 kwa mwaka hula karibu magunia 13,000 ya mahindi kila siku. Hutumia na maji mengi, kama lita tatu kwa kila lita ya spiriti, pamoja na gesi nyingi ya kupikia na kukaushia.

Kwa nini walianza?

Mwaka 1973 nchi za Waarabu zenye mafuta zilikataa kuiuzia Marekani, na watu wakapanga foleni ndefu kwenye vituo vya petroli. Tangu hapo serikali yao ikaanza kutafuta njia ya kupunguza kutegemea mafuta ya wageni. Mwaka 1978 spiriti iliyochanganywa na petroli ikapunguziwa kodi. Mwaka 2005 ikatolewa sheria ya kulazimisha kuchanganya, na mwaka 2007 sheria hiyo ikaongezwa nguvu, hata spiriti ya mahindi ikaruhusiwa kufika lita bilioni 57 kwa mwaka katika hesabu yake. Petroli nyingi inayouzwa huko siku hizi ina spiriti sehemu 10 katika 100. Ziko pia motokaa maalumu zinazoweza kutumia mchanganyiko wenye spiriti hata sehemu 85.

Wakulima walifurahi, wala si ajabu. Kwa miaka mingi walivuna mahindi mengi na kuuza kwa bei ya kutupa, jambo ambalo wakulima wetu wanalifahamu sana. Wengine hawakungojea tajiri aje. Walichanga hisa, wakajenga kiwanda chao wenyewe kwa ushirika. Mathalani, katika mji wa Benson, jimbo la Minnesota, kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi mwaka 1996. Mkulima akawa muuzaji wa mahindi na tena mwenye fungu katika faida ya spiriti. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Turudi kwa swali la mzee

Gunia la kilo 100 ni lita 42 za spiriti. Lakini spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli, kwa hiyo ni kama lita 28 za petroli. Motokaa ndogo itakwenda nazo safari ya siku moja, kwenda na kurudi, ikaishiwa. Sasa chukua gunia hilo hilo, ulipeleke nyumbani kwa familia ya watu sita wanaokula kilo tatu kwa siku. Litawalisha mwezi mzima na siku tatu.

Nilipomwambia mzee hesabu hiyo, alisema: "Basi motokaa hiyo ina tumbo kubwa kuliko la ukoo wangu."

Ni vema kusema haki. Si kila motokaa inameza gunia. Katika tangi la lita 50 za petroli ya kawaida huko kwao, spiriti ni lita tano tu, nazo zimetoka katika kilo 12 za mahindi. Tena theluthi ya mahindi hurudi kuwa nyama na maziwa kwa njia ya machicha. Wala si kweli kwamba, kama viwanda vingefungwa kesho, mahindi hayo yangekuja kumwagwa mlangoni kwa mwenye njaa. Njaa mara nyingi haitokani na kukosekana kwa chakula duniani. Hutokana na kukosa fedha ya kukinunua, na vita, na barabara mbovu.

Lakini bei ya mahindi haina mipaka. Mnunuzi mkubwa akiingia sokoni, mnunuzi mdogo husukumwa pembeni. Mwezi wa Januari 2007 bei ya mahindi ilipopanda, watu wa Meksiko, ambao mkate wao wa kila siku ni chapati za mahindi, waliona bei ya chapati imeruka. Tarehe 31 Januari maelfu kwa maelfu waliandamana katika mji mkuu wao. Mwaka 2008 bei za nafaka zilipanda dunia nzima, na mwaka 2012, ukame ulipoikumba Marekani, zikapanda tena. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya mafuta, ukame, nchi nyingine kuzuia nafaka zisitoke. Lakini wataalamu wengi walikubali kwamba spiriti nayo ilikuwa mojawapo. Mwaka 2007 Bwana Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula, alisema wazi kwamba kugeuza chakula kuwa mafuta ya motokaa ni uhalifu dhidi ya binadamu, akaomba kazi hiyo isimamishwe kwa miaka mitano. Haikusimamishwa.

Hata juu ya faida yenyewe wataalamu hawapatani. Profesa David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell alitoa hesabu mwaka 2005 kwamba, ukijumlisha mbolea, matrekta na gesi ya kiwandani, spiriti ya mahindi hula nguvu nyingi kuliko inayotoa. Wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wakapinga, wakasema faida ipo. Wengi siku hizi hukubali kwamba faida ipo, ila wanabishana juu ya ukubwa wake.

Iko pia njia isiyogusa sahani ya mtu. Brazili tangu mwaka 1975 imetumia miwa. Karibu na kwetu, Malawi ilianza mwaka 1982 katika kiwanda cha Dwangwa kutengeneza spiriti ya kuchanganya na petroli kwa kutumia molasi, yaani yale maji mazito meusi yanayobaki baada ya sukari kutolewa. Kenya nayo ilifanya hivyo kule Muhoroni katika miaka ya 1980. Molasi si ugali wa mtu. Hapo hakuna anayenyang'anywa kibaba chake.

Sisi tujifunze nini?

Kwanza, mahindi ni mali. Watu wenye elimu na fedha wanayajengea viwanda vikubwa. Basi wewe usiyauze yote siku ya mavuno kwa mchuuzi wa kwanza aliyekuja na lori. Weka chakula cha nyumba yako kwanza mpaka mavuno yajayo, kisha uza kilichozidi. Mwaka ukiwa mbaya, bei utakayonunulia haitakuhurumia.

Pili, kausha mahindi yako vizuri, juu ya turubai au kichanja, si juu ya ardhi tupu, nawe uyachambue yaliyooza. Kama mwenye kiwanda cha kulisha motokaa anarudisha lori zima kwa ajili ya sumu ya kuvu, je, mama anayelisha watoto asiwe mwangalifu zaidi? Mwaka 2004 katika Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Yaliyoota kuvu usimpe mtoto, wala usimpe kuku, wala usiyatie katika pombe.

Tatu, usitupe kitu. Pumba za mashineni ni chakula cha mifugo. Wao hawatupi hata hewa ya povu. Sisi tutatupaje pumba?

Nne, tukumbuke ushirika wa wakulima wa Benson. Hawakuwa matajiri kila mmoja peke yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mzee wangu alipoinuka kwenda zake, alisimama mlangoni akasema: "Karani, andika katika gazeti kwamba mimi sina ugomvi na motokaa. Ila anayeishiba asisahau kutazama nyuma." Nami nimeandika kama alivyosema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini anaweza kujifunza kumjua. Jioni ile nilikwenda kufungua ghala yetu kuhesabu magunia ya akiba. Yalikuwa kumi na manne. Jumuiya ambazo bado hazijaleta fungu lao, tafadhalini, mlango uko wazi kila Jumamosi asubuhi.